Mkono wa Onyiego

Sokoni Ikonge, wanawake walizipita mashine za kusaga za stima wakampelekea Onyiego nafaka zao. Yake ilikuwa ya dizeli, kuukuu, yenye kishikio cha chuma ubavuni. Ukikisukuma juu, injini inakimbia. Ukikiachilia, springi inakirudisha na injini inatulia. Mahindi yalitaka mbio. Wimbi lilitaka polepole, la sivyo unga unaungua na ugali wake unakuwa mchungu. Onyiego alikishika kishikio hicho kutwa nzima, macho ameyafumba, akisikiliza.

Kisha kiharusi kikauchukua mkono wake wa kulia.

Alirudi kazini kabla hajapona. Mkewe, Nyamusi, alimwambia, "Baba Cynthia, wacha nikushikie."

"Shika mwiko wako," alimjibu, na wote wawili wakacheka kidogo.

Alijaribu kwa kushoto, kishikio kikamponyoka. Basi akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, Nyamusi akamsaidia kukifunga kishikio kibaki kwenye mwendo wa mahindi.

Ijumaa moja foleni ilikuwa ndefu, kwa maana jua likitua Sabato inaingia na mashine inazimwa. Jirani yao Nyanchera alileta wimbi la matanga ya mama yake. Onyiego alihangaika na fundo la ule ukanda kwa vidole vya kushoto. Likakataa.

"Mzee, jua halikungoji!" mtu akapiga kelele.

Akamwaga wimbi hivyo hivyo.

Nyanchera alikinga unga kiganjani, akaunusa, akaulamba.

"Ni sawa tu, Baba Cynthia," alisema taratibu.

Heri angemtukana. Marehemu mama yake hakuwahi kusaga wimbi lake kwingine tangu injini ile iliposhushwa kutoka kwenye lori.

Nusu ya wimbi ilikuwa bado debeni. Onyiego alimwita mkewe, akampa kisu. Nyamusi akaukata ukanda, injini ikashuka.

"Shika. Juu kidogo. Kidogo, nimesema! Unasikia inavyonguruma? Hapo. Usitoke hapo."

"Nimesikia."

"Na jioni usisahau kuifunika."

Akatoka nje, akaketi juu ya gunia tupu, kisogo ukutani. Ndani, wimbi lilianza kuteremka. Sauti ya injini ilipanda kidogo, ikashuka, ikatulia; na juu ya goti lake mkono wa kushoto ulipanda, ukashuka, ukatulia, haukushika kitu.