Mdomo wa Bibi Anastazia

Mwaka 2013 niliondoka Kigoma kichwa kimevimba kwa majivuno, nasema bila haya. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye vibanda vya video: Wachina wanarushiana mateke, mimi na maikrofoni nawatia Kiswahili mdomoni. Espérance, dada wa Kikongo mwenye saluni Durban, Afrika Kusini, alinisikia alipokuja Kigoma kumtembelea shangazi yake. Akaniita niende huko nikatafsiri filamu aliyocheza bibi yake, filamu bubu. Jamani, kazi ya kulamba asali.

Kutoka Dar hadi Johannesburg ni basi na mipaka tu. Nilifanya mazoezi kwa sauti mpaka kondakta akaniomba niwaonee abiria huruma.

Durban, mtaa wa Greyville, Espérance alinipokea kwa furaha: "Karibu kaka, iko chai, iko na sombe," yaani kisamvu. Akanieleza. Bibi Anastazia akiwa msichana Lubumbashi, mapadri walimchezesha kwenye filamu ya kuwafundisha wanawake adabu. Mwishoni anampigia mume magoti, na kila kijiji mfafanuzi aliyesimama kando ya pazia alimsemea: nisamehe, mume wangu. Baadaye Bibi alipanda jukwaani miaka mingi, akacheza malkia, mwizi, hakimu, kumbi zikajaa. Lakini sokoni watu walimwita Nisamehe tu. Hakutaka kwenda kaburini na jina hilo. Nikamtuliza Espérance: nimeshatunga msamaha mtamu, ukumbi mzima utalia. Bibi mwenyewe, aliyeishi naye hapo, sikumuuliza. Sisi watafsiri hatuna desturi hiyo, Wachina wetu wako mbali.

Jumapili baada ya ibada, mtaa wa Point, ukumbi wa kanisa karibu na bandari ulifurika: wasusi, wauza simu, wanafunzi wa Kikenya. Bibi alikaa mbele, kilemba hicho! Nikaanza, watu wakacheka, nikanoga. Tukafika kwenye magoti. Navuta pumzi, mkono ukanishika shati.

"Kaa, mutoto. Ile mdomo ni yangu."

Nikampa maikrofoni. Akaiweka kitini, hakuihitaji.

"Huyu mwanaume, nilimwambia hivi: unakanyaga kitenge yangu. Toa mguu."

Na kweli, pale ukutani, mwanaume akatazama chini, akatoa mguu. Kumbe Bibi alipiga magoti ili akomboe kitenge chake; padri aliyapenda yale magoti, akayaacha kwenye filamu kama ombi la msamaha. Ukumbi ulipasuka! Watu walipigana vikofi, Espérance akacheka na kulia pamoja, na mimi, mwenye msamaha wangu wa kuliza watu, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi akaniamuru nirudishe nyuma, akasema tena, safari hii na ukumbi mzima.

Nilirudi Kigoma na nakala, nikiimba njia nzima. Siku ya kuionyesha kibandani kwangu wanawake walikuja wengi kuliko wanaume. Tulipofika kwenye magoti nikazima maikrofoni, nikawaambia nimejifunza: msemeeni wenyewe. Wakasema, kila mmoja na lake, kwa kelele. Aliyeomba msamaha sikumsikia.