Njia Isiyoonyeshwa Wageni

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya upimaji nilikuwa napita njia tu. Ilikuwa Kahororo, miaka michache baada ya Uhuru. Mtu aliyevaa kaptula ya kaki alikuwa akichungulia kwenye darubini ya miguu mitatu, na alichungulia muda mrefu hivi kwamba nilisimama. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nimepakia magunia ya kahawa Nshamba, nimefagia duka la Mhindi mjini, na kote huko sikukaa mwaka.

“Bwana, unaona nini humo?” nikamuuliza.

“Naona kijana asiye na kazi,” alijibu bila kuinua kichwa. “Shika mnyororo huu uende kule kwenye fito.”

Huyo alikuwa Bwana Mpima, na hivyo ndivyo tulivyomwita mpaka alipostaafu. Mnyororo ulikuwa wa chuma, wenye vipande vilivyounganishwa kwa pete, na ndio tuliopimia ardhi. Mmoja anatangulia nao akiwa na mishale kumi ya chuma. Kila mnyororo unaponyooka anachomeka mshale, na anayefuata nyuma anauchomoa. Fito zilipakwa nyekundu na nyeupe ili zionekane kwa mbali katikati ya migomba. Darubini ilikuwa na kimrija chenye kimiminiko na povu ndani. Povu likitulia katikati ndipo unajua chombo hakijainama. Bwana Mpima alinifundisha vyote hivyo kwa hasira ndogo ndogo. “Unauliza sana,” alikuwa akisema, kisha anajibu.

Tulipima viwanja Bilele, tukapima barabara za kahawa kuelekea Muleba. Kisha, wakati vijiji vya ujamaa vilipoanza kupangwa, tukatumwa ufukweni.

Mtu asiyelijua ziwa letu hudhani ufukwe ni mahali tambarare. Kwetu, sehemu nyingi, nchi inakwenda vizuri na migomba yake, halafu inakatika ghafla kwenye genge, na chini kabisa kuna ukanda mwembamba wa mchanga. Kijiji tulichotumwa kilikuwa huko. Watu wa juu walikiita Chini, basi. Kilikuwa na nyumba kama arobaini, mitumbwi, vichanja vya kukaushia samaki na kanisa la nyasi. Daktari, shule na duka la chumvi vilikuwa juu. Samaki walipanda kichwani mwa watu, na siku za mvua waliozea pale pale.

Agizo letu lilikuwa fupi: tupime kama barabara ya gari inaweza kushuka. Isipowezekana, watu wa Chini wangepandishwa wote kwenye kijiji kipya huko rweya, yaani kwenye mbuga ya nyasi ambako mgomba hukonda hata ukiupa samadi ya ng’ombe kumi. Wavuvi wangefanya nini rweya? Hakuna aliyetuuliza hilo.

Mwenyekiti wa kijiji, Ta Lwiza, mtu mpole mwenye kofia ya ukili, alitupokea kwa buni za kutafuna kama ilivyo desturi, kisha akatuonyesha njia yao ya kupandia. Ilikuwa inapanda genge moja kwa moja, kama ngazi. Tulifanya kazi siku kumi juu ya ile njia. Gari lenye mzigo linataka lipande hatua moja kwa kila hatua kumi za kwenda mbele. Pale tulipanda moja kwa tatu, pengine moja kwa mbili. Jioni ya kumi Bwana Mpima alifunga daftari.

“Haiwezekani,” alisema. “Baada ya siku tatu Katibu Tarafa anakuja, nitamwambia hivyo.”

Mimi nilikuwa nimelala siku zote hizo kwa Ma Koku, mjane aliyekausha samaki. Asubuhi iliyofuata nilikuwa namsaidia kugeuza sato kwenye kichanja, na swali likanitoka tu.

“Ma, mgonjwa asiyeweza kutembea mnampandishaje lile genge?”

“Pale? Pale hapandi mtu aliyelala. Angemwagika.”

“Basi anapita wapi?”

“Wewe ulitoroka shule au shule ilikutoroka kwa maswali?” Aligeuza samaki wawili kabla ya kuendelea. “Machela inazungukia kule nyuma ya mkuyu. Inakwenda polepole, inakata kona pana, maana wabebaji wanne hawageuki penye finyu. Wagonjwa ni huko. Na marehemu wetu ni huko, tukiwapeleka kuzikwa kwenye vibanja vya migomba vya koo zao juu.”

“Mbona hamkutuonyesha?”

Alinitazama kana kwamba nimekosa adabu. “Mwanangu, mgeni unampitishaje njia ya maiti?”

Nilikimbia kwa Bwana Mpima. Alikuwa ananyoa ndevu, akaniambia nimpe nafasi, ripoti imeandikwa. Lakini aliifuta sabuni usoni kabla hajamaliza kunyoa, akaenda kwa mwenyekiti na shavu moja limenyolewa.

Ta Lwiza alikasirika, na hasira yake ikaniangukia mimi. “Umekula kwa mjane wa watu ili umchimbe siri? Waitu, jamani, ninyi ni wageni wa serikali. Mguu wangu hautangulii mgeni kwenye njia ile.”

“Ta Lwiza,” akasema Bwana Mpima, “nimekula samaki wenu siku kumi na moja. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi si mgeni tena.”

Mzee aliitazama darubini. “Basi jembe lako ndilo hilo la miguu mitatu,” alisema. “Libebe mwenyewe.” Akavua kofia, akatangulia.

Tulipima siku mbili bila kupumzika, nikiwa mbele na mishale. Njia ile ilikuwa imepimwa kabla yetu na mabega ya watu. Mtu anayebeba mgonjwa hataki kumwinamisha, na gari nalo halitaki kuinamishwa. Karibu kote tulipata moja kwa kumi, au mwinuko mdogo zaidi ya huo, isipokuwa kona ya mwisho chini, penye mwamba.

Katibu Tarafa alipofika na kusomewa, aliuliza nani atachimba. “Mimi sina trekta la kuwapa.”

“Hatujaomba trekta,” alijibu Ta Lwiza. “Tunaomba mtuache mpaka tumalize.”

Waliachwa. Walichimba kwa majembe na mitaimbo, kiangazi cha kwanza na cha pili, wanaume na wanawake. Kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa walimleta padri aibariki njia, na wazee wakafanya ya kwao ambayo padri hakuyauliza. Mwamba ule uliwashinda. Mpaka leo gari linasimama juu yake, na kipande kilichobaki samaki hupanda kichwani. Lakini agizo la rweya halikuletwa tena.

Mimi niliondoka upimaji, nikarudi, nikaondoka tena, nikazeekea humo humo. Sasa nimepumzika, na vijana wapimaji wenye vyombo vinavyosoma mwinuko vyenyewe hunitembelea. Huwaambia wakifika mahali wasiulize njia iko wapi, waulize mgonjwa hupita wapi. Wengine huandika, wengine hutabasamu.

Mmoja aliniuliza kama ilisaidia kitu, maana amefika Chini na kukuta nyumba zimepungua. Ni kweli. Watoto wengi wa pale wako Bukoba, wako Mwanza, wako mbali zaidi. Nilimjibu kwamba hao walipanda mmoja mmoja, kila mtu siku aliyoichagua mwenyewe, na nyumba ya mama yake ikabaki nyuma yake imesimama. Krismasi wanashuka.