Kaptula Iliyofika Magotini

Miaka ya tisini, tukiishi Shauri Moyo, nilikuwa na kaptula ya kaki ambayo fundi wa Gikomba aliikata kutoka kwa suruali yangu ya kazi iliyochanika miguuni. Baba yangu angeiita kaptula. Mke wangu aliiita kinyasa, kwa sauti ya mtu anayetaja panya. Mimi niliiita suruali fupi, maana ilifika magotini kabisa.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza na aliogopa. Mamake alikubali kuja kutoka magharibi amtunze akijifungua, ingawa kumshawishi kulituchosha. Kwetu mama mkwe hatazamani ovyo na mkwewe, sembuse kulala nyumbani kwake. Tulipatana nikalale kwa rafiki. Sharti la pili lilikuwa nguo.

"Akiona mapaja yako, anarudi," mke wangu alisema.

"Si mapaja. Ni magoti."

"Haya, mwonyeshe hayo magoti."

Siku yenyewe basi lilifika mapema. Nilikuwa kwenye foleni ya mferejini na ndoo yangu, nimevaa ile kaptula, jirani yetu, fundi wa viatu, aliponishtua.

"Mkweo yule! Ingia ndani!"

Mama mkwe alikuwa tayari ametugeuzia mgongo, leso kichwani, akitazama ukuta wa choo. Aliuambia ukuta, "Mwambieni huyo mwanamume avae nguo."

"Amevaa, mama," fundi akajibu. "Ni kinyasa tu."

"Kinyasa gani?" akadakia mama wa sukuma wiki, jirani yetu muuza mboga. "Hiyo ni long'i, suruali ndefu iliyoacha shule!"

Foleni nzima ikacheka. Mlango wangu ulikuwa pale pale karibu. Badala ya kwenda kubadilisha, nilianza kueleza.

"Mama, hii si kinyasa. Inafika magotini."

Nikavuta pindo kuonyesha. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliinama, akakagua, akakubali kwamba inafika.

Mama mkwe aliweka chini kuku aliyemleta, akaondoka bila kugeuka. Alilala kwa mpwa wake mtaa wa Lucky Summer, na kesho yake akarudi kwao. Mtoto alipozaliwa, aliyemkanda mke wangu kwa maji moto alikuwa mama wa sukuma wiki.

Nimezeeka nikiifikiria ile njia fupi ya kutoka mferejini hadi mlangoni. Kuhusu kaptula, mke wangu hajawahi kubisha kwamba ilifika magotini.