Kutasa kwa Maji
Mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi swali asilokuwa na jibu lake. Binti yangu aliniuliza moja likizo ya Aprili, jikoni kwetu Mwatate, akimenya viazi bila hata kuinua uso. Posa yake ilikuwa imekubaliwa. Ilibaki siku ya baraka, Desemba, nyumbani Mghange, na kwa kuwa baba yake alishafariki, wa kumtasia nilikuwa mimi.

Kutasa kwetu Wataita ni hivi: unatamka maneno yako mbele ya watu, unakitaja kinyongo ulicho nacho, kisha unapiga funda la mbangara, pombe yetu ya miwa, na kuipuliza nje kwa manyunyu. Kinyongo kinatoka nayo, baraka inabaki. Wengi siku hizi wameliachia kanisa kazi hiyo. Ukoo wetu haujaacha.

"Mama," akasema, "hiyo pombe ikiingia mdomoni mwako, itatoka?"

Nilimfokea. Nikamkumbusha nani alimsomesha, na kwamba sijawahi kukosa kipindi hata kimoja. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba chai ya themosi niliyobeba darasani haikuwa chai, na binti yangu alilijua hilo tangu darasa la nne. Akaendelea na viazi vyake. Akasema atamwomba baba yake mdogo amtasie. Nikabaki na mwiko mkononi, nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Wiki hiyo hiyo muuguzi aliyenipima presha alinieleza kwamba Voi kuna watu wanaokutana kila Jumamosi mchana, walevi kwa walevi, bila daktari wala mhubiri. Voi ilinifaa sana, maana Mwatate hata mbuzi wananijua. Nikawaaga majirani kwamba nina semina. Nikakifikia chumba chenyewe, nyuma ya duka la mabati na misumari, nikasukuma mlango, na mtu wa kwanza kumwona ni jirani yangu wa mlango wa pili. Huyo ni kiongozi wa kwaya yetu, na kila Jumamosi huaga kwamba anakwenda mazoezini.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Semina imeanza."

Nilikaa kwa kiburi tu, asije akasema nimekimbia.

"Nimekuja kuangalia," nikamwambia.

"Hata mimi nilikuja kuangalia. Huu mwaka wa tatu naangalia."

Majuma ya kwanza niliwasikiliza kama ninayesahihisha insha: huyu anarudia rudia, yule habari yake haina mwisho. Halafu mama mmoja muuza mitumba akaeleza jinsi alivyokuwa akificha chupa kwenye gunia la mahindi na kumchapa mtoto aliyelikaribia. Hapo sikuwa na la kusahihisha. Nikasimama, nikasema habari za themosi yangu, yote, na nilipokaa hakuna aliyenipigia makofi wala kunionea huruma. Walinimiminia chai. Nilijisikia vizuri mno, nami sioni haya kulisema.

Tangu siku hiyo sijaonja tena. Lakini Desemba ilikuwa inakuja, na swali la jikoni bado lilinikaa kooni. Nikalipeleka Voi.

"Swali zuri," jirani yangu akasema. "Na wewe unasemaje, itatoka?"

"Sijui," nikajibu. Miaka yote ya ualimu, sikumbuki kulitamka neno hilo mbele ya watu.

"Basi usiingize. Nyanya yangu alimtasia mama yangu na maji, mwaka ule miwa ilikauka. Na baraka ilishika, si mimi huyu hapa?"

Jioni hiyo nikampigia simu binti yangu. Nikamwambia sijui kama pombe itatoka, kwa hiyo nitatasa kwa maji, akinikubalia.

"Njoo na maji yako," akasema.

Siku yenyewe Mghange ilikuwa na ukungu na baridi ya kutetemesha. Jirani yangu alikuja na suti yake ya kwaya, akashika kibuyu cha maji kana kwamba amekabidhiwa sadaka. Baba mdogo wa binti yangu aliguna.

"Maji ni ya kuoga, shemeji. Hapa tunatasa na mbangara."

"Mlevi wa hapa ni mimi," nikamjibu, kwa sauti ya kufika hadi darasa la nyuma. "Tofauti yake naijua kukushinda."

Watu wakacheka, naye akacheka. Nikapokea kibuyu, nikavuta pumzi nianze. Binti yangu akanyoosha mkono akakichukua.

"Ngoja, Mama. Mwenye kinyongo ni mimi."

Akakisema. Themosi. Siku ya wazazi shuleni, nilipoanguka kwenye ngazi na yeye akawaambia wenzake kwamba mama ana kifafa. Viazi ambavyo amekuwa akimenya tangu utotoni kwa sababu mikono yangu ilitetemeka. Kisha akapiga funda, akayapuliza, na maji yakanipata usoni na kwenye kilemba changu kipya. Sikujifuta.

Akanirudishia kibuyu.

"Sasa wewe," akasema.

Nikatamka maneno yangu ya baraka. Nikapiga funda, maji ya mlimani, baridi hadi kwenye meno. Binti yangu alikuwa akinitazama mdomo.

Nikayatoa yote.