Aliyeuliza Soko Ni Nani

Nilikuwa kwa kinyozi mjini Nakuru, nusu ya kichwa imekwisha kunyolewa na nusu bado, simu ilipolia. Mpigaji alikuwa kifungua mimba wa mwalimu mmoja wa Rongai niliyemfahamu kwa miaka mingi. “Mzee,” alisema, “baba ametuacha alfajiri ya leo. Mama amesema wewe uambiwe mapema.” Nilimwomba kinyozi amalize haraka. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba huwa siandiki juu ya marehemu, kwa sababu marehemu hana nafasi ya kunisahihisha. Juma hili nalazimika. Mambo yaliyosemwa mbele ya jeneza la mtu huyu hayakuwa kweli, nami nilikuwepo, nimeketi safu ya tatu, na masikio yangu bado ni mazima.

Niweke kumbukumbu sawa tangu mwanzo. Katika kijitabu cha mazishi, chini ya picha yake, palichapishwa maneno “mwanauchumi mashuhuri”. Hakuwa mwanauchumi. Alifundisha falsafa katika chuo kimoja hapa mjini, akasomesha darasa la wanafunzi wa uchumi na biashara, hadi siku somo lake lilipofutwa. Nilipomuuliza mwanawe sababu ya kosa lile, aliinamisha kichwa. “Mzee, ni wale walitusaidia kuchapisha. Walisema falsafa watu hawataielewa, tuweke kitu iko na heshima.” Sikumlaumu kijana aliyefiwa.

Sisi wawili hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Mimi nilikuwa afisa wa ushirika serikalini, na yeye alikuwa mwanachama wa chama cha wakulima wa mahindi kule Rongai, ambako baba yake alipata kipande cha shamba lililokuwa la mzungu. Tulikutana katika mikutano, tukabishana, tukaagana. Alikuwa msemaji mrefu mno. Aliweza kuchukua ajenda ya kukarabati paa la ghala akaifikisha kwenye maana ya haki, na sisi tulio na magari ya serikali ya kurudisha kabla ya jioni tukiangaliana. Hata hivyo alikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kulipata kwa wakubwa wangu wote kazini: hakuruhusu mtu yeyote ajifiche nyuma ya neno.

Siku moja alinialika chuoni niwaeleze wanafunzi wake kazi za vyama vya ushirika. Nilifika mapema nikamkuta katikati ya somo. Alikuwa amewapa mfano wa mama anayeuza viazi kando ya barabara kuu pale Gilgil. Wingu limetanda, mvua iko karibu, na mwenye gari ameteremsha kioo na kutaja bei ambayo haimrudishii mama hata gharama ya mbegu. Mama anauza. “Nani ameamua bei hiyo?” aliuliza.

“Soko, mwalimu,” walijibu karibu wote.

“Soko ni nani? Anakaa wapi? Nataka kumsalimia.”

Darasa lilicheka. Kijana mmoja nyuma akasema, “Mwalimu, unatusumbua bure. Si ni mathe na yule boss wa gari?”

“Basi sema hivyo,” akamjibu. “Sema boss ameona mvua, amejua mama hana pa kuweka viazi, akaamua. Huenda ana haki, huenda hana. Hilo tutalijadili mpaka kengele ilie. Lakini ukishasema ni soko, hakuna tena wa kujadiliana naye.”

Aliamini kwamba elimu ya uchumi ilizaliwa katika nyumba ya falsafa, ikalelewa humo, ikiulizwa kila jioni imefanya nini mchana kutwa; kisha ikapata kazi nzuri, ikahama, na sasa inawaambia majirani wapya kwamba haina wazazi. Kabla hujauliza bei ya kitu, alisema, umekwisha kujibu maswali mengine bila kujua: kitu hicho ni cha nini, nani anastahili kukipata, na ni jambo gani mtu hapaswi kumfanyia mwenzake hata likiwa na faida. Asiyeyajua majibu yake mwenyewe, majibu hayo hayaachi kumwongoza; yanamwongoza gizani. Chuo kilimlipa kwa kufuta somo hilo. Barua aliyopewa ilisema soko la ajira halilihitaji. Chumba chake cha kufundishia kikawa mahali pa kutoa nakala za karatasi, na nilipopita pale nilikuta wasomi wa kesho wakisukumana kunakili majibu ya mtihani wa mwaka uliopita.

Akarudi Rongai akalima, na huko akafanya jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Aliwashawishi wanachama kwamba kila msimu wa mavuno kila nyumba iache sehemu ya mahindi yake katika ghala la chama, na mahindi hayo yasiuzwe nje. Miezi ya njaa ikifika, kabla ya mavuno mapya, mwanachama yeyote aliyepungukiwa angeyanunua kwa bei ileile ya wakati wa mavuno. Mimi nilipinga. Nilisema waziwazi kwamba mpango ule ungetia chama hasara, na kuna mwaka ulitia: mvua zilikuwa njema, hakuna aliyepungukiwa, na dumuzi, wale wadudu wa nafaka, wakala mahindi ghalani hadi magunia yakawa unga wa kahawia. Wanachama walimtukana mbele yangu. Alisimama akasema, “Tumepata hasara kwa sababu hakuna mtoto aliyelala njaa. Nipeni hasara kama hii kila mwaka.” Niliona ni maneno ya ukaidi. Ukame ulipokuja baadaye, malori ya walanguzi yakapanga foleni nje ya ghala hilohilo na bei za kutamanisha, lango halikufunguliwa, na nyumba ambazo zingeuza ng’ombe zao hazikuuza. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nimekosea hesabu za aina fulani. Naliandika hapa.

Sasa tuje kwenye mazishi. Hema, viti na vipaza sauti vilikuwa vimetolewa bure na mfanyabiashara wa nafaka ambaye kwa muda mrefu amekuwa akilitaka ghala lile alinunue. Alikaa mbele kabisa, kwenye kochi, huku dada wa marehemu wamebanana kwenye benchi. Mwenyekiti wa chama alipopewa kipaza sauti hakumaliza hata pole. Alisema marehemu alikuwa mtu wa maendeleo. Alisema mahindi yale ni mtaji uliolala, neno alilofundishwa na mshauri waliyemkodi. Halafu akasema hili, nami nalinukuu kama nilivyolisikia: “Mwalimu mwenyewe aliniambia akiwa kitandani hospitalini, Mwenyekiti, uzeni hiyo ghala, wakati wake umeisha.” Watu waliguna. Mkutano wa kuamua kuuza ulikuwa umepangwa juma lililofuata, na kila aliyekaa pale alielewa kwa nini marehemu alikuwa anafanywa mpiga kura.

Mjane alisimama. Kwetu mjane hukaa, hufunikwa leso mabegani, na husemewa na wengine. Huyu alisimama bila kusaidiwa. “Mwenyekiti,” alisema, “mimi nililala hospitali kila siku mpaka mwisho. Wewe hukukanyaga huko.”

Mwenyekiti alitabasamu tabasamu la watu wazoefu. “Mama, pole sana, uko na uchungu. Lakini hii si mambo yangu wala yako. Ni soko imeamua.”

“Soko ni nani?” mama aliuliza. “Amekaa wapi hapa, nimsalimie?”

Kisha sauti ya kike kutoka nyuma, karibu na masufuria, ikaita: “Si huyo kwa kochi, mathe! Msalimie!” Vichwa vyote viligeuka kumtazama mfanyabiashara, naye akaanza kuitafuta simu yake mifukoni. Kicheko kilipita hemani, msibani, na padri hakukikemea. Udongo ulikuwa haujakauka kaburini vijana wa mfanyabiashara walipoanza kukunja viti na kuteremsha hema, wageni wakiwa bado na sahani za wali mkononi. Tulimaliza kula tumesimama juani kama waliofukuzwa.

Nilihudhuria mkutano wa juma lililofuata kama mtazamaji. Mwenyekiti alitaka jambo lipitishwe kwa makofi, kama ilivyo desturi. Mjane, ambaye sasa ndiye mwanachama badala ya mumewe, aliomba kitu kimoja: kila anayetaka ghala liuzwe asimame, ataje jina lake, na aseme “mimi nimeamua.” Mwenyekiti mwenyewe hakusimama. Watu walitazama viatu. Wawili walitoka nje wakidai wamepigiwa simu. Hakuna aliyesimama, na mkutano ukavunjika kwa kisingizio cha mvua iliyokuwa ikitoka upande wa Menengai.

Nisidanganye wasomaji: sikuona watu waliogeuka kuwa wema. Wengi wao bado wanataka kuuza, na mfanyabiashara atarudi na hema jingine kwenye msiba mwingine. Niliona tu watu walioshindwa kufanya kwa jina lao wenyewe jambo ambalo walikuwa tayari kulifanya kwa jina la soko. Mwalimu hakuwahi kutuomba zaidi ya hapo. Ghala limefungwa, mahindi yamo, na miezi ya njaa inakuja. Atakayetaka kulifungua lango kwa ajili ya malori, aanze kwa kutuambia anaitwa nani.