Chemchemi zangu zilifuata barabara, mimi nikaandika ni ufa wa ardhi

Admin, naomba ufiche jina langu. Kaka yangu husoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka 33, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, Kongo, naishi Mount Dennis hapa Toronto. Nasomea shahada ya udaktari (PhD) ya takwimu. Natengeneza modeli ya kompyuta inayotazama nukta zilizotawanyika kwenye ramani na kutafuta kama zimejikusanya kando ya mstari uliopinda, usioonekana kwa macho. Nukta zangu ni chemchemi za maji za milima ya kwetu. Kaka, aliyebaki huko, ndiye aliyezunguka kupima kwa simu mahali zilipo akanitumia.

Modeli ilitoa mstari mzuri ajabu. Nikaandika kwamba ni ufa wa chini ya ardhi unaopitisha maji. Profesa wangu alifurahi mpaka akaita wenzake waje kuona. Shirika moja likachukua ramani hiyo lichimbe visima kuufuata mstari, likamwajiri kaka awaongoze.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilijaribu tu kuweka barabara juu ya ramani yangu. Mstari wangu na barabara vililingana, kona kwa kona. Nikampigia kaka simu.

"Kaka, kule juu milimani ulipanda kweli?"

Akasema, "Dada, kule kulikuwa na watu wenye bunduki. Nilikuambia naogopa, ukasema bila data hutamaliza masomo. Nikapima zile za kando ya barabara tu."

Ni kweli aliniambia. Nilijisahaulisha.

Kwa hiyo modeli haikuona ufa wowote. Iliona njia aliyopita kaka.

Jumatatu nilienda kwa profesa nimweleze. Kabla sijakaa akasema, "Kazi yako nimewapa wanafunzi wapya wajifunze." Nikashukuru, nikatoka. Nililia kwenye basi mpaka mama nisiyemjua akanipisha kiti.

Jana kaka alipiga. "Mashine ya kuchimba visima imefika, wiki ijayo wanaanza. Ukisema sasa watanifukuza, na watoto wangu unawajua." Nami wiki hiyohiyo natetea tasnifu yangu.

Nikisema, miaka yangu mitano inakwenda na kaka anabaki bila kazi, kwa kosa nililomsukumia mimi. Nikinyamaza, watachimba pasipo na uhakika wa maji, na watu wa kule juu milimani, wenye chemchemi ambazo hakuna aliyezihesabu, watarukwa kabisa.

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Aliyewahi kukosea hivi anisaidie: nimweleze profesa kwanza, au kwanza nimwambie kaka kwamba nitasema? Na nianzeje?