Mraba Mtupu wa Koko

Wiki iliyopita nilipita Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika huku ughaibuni, kununua sombe, kisamvu chetu, nikakuta ile cyber ya zamani imegeuzwa duka la mawigi. Nikasimama mlangoni kama mjinga, hadi muuzaji akadhani nataka kusukwa. Rafiki yangu, ni pale tulipoupeleka mtandaoni ukurasa wa bibi, nami nilikuwa na miaka kumi.

Wakati huo tuliishi Saint-Gilles, mama na mimi, chumba na jiko, ukuta wenye unyevu usiokauka hata Julai. Baba alikufa kabla hatujaondoka Bukavu. Bibi, mama yake baba, tulipotezana naye njiani siku ya kukimbia, na mama hakujisamehe, maana ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Alibaki na picha yake moja tu ndani ya fremu: bibi kwenye kiti cha plastiki, kilemba cha njano, amekunja uso kama anayemgombeza mpiga picha.

Jirani wa ghorofa ya juu, mzee wa kutoka Uvira niliyemwita tonton, yaani mjomba, alikuwa na kompyuta iliyotupwa na ofisi alikofanya usafi. Jumapili baada ya misa tulipanda kwake na sahani ya sombe na makayabo, samaki wa chumvi, ngazi zote zikanukia. Picha alikuwa ameshaiingiza kwenye kompyuta.

"Ni simple, mutoto," aliniambia. "Unaandika sawa barua, unafanya enregistrer, unaihifadhi, bon, inakuwa site."

Kweli ilikuwa programu ile ile aliyoandikia barua zake za kuomba kazi. Nikachagua herufi za bluu zilizopinda, nikaandika: TUNATAFUTA KOKO YETU. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Nilijiona fundi kwelikweli.

Nikauliza jina lake. Mama akafyonya.

"Jina ya mama-mukwe haitajwake, hata kwa ordinateur. Weka sura yake. Mwenye anamujua atamujua."

Kwetu mke hataji jina la mama mkwe wake, hata kwenye kompyuta, na mimi sikuwahi kulisikia. Tonton hakubisha, kwao ni hivyo hivyo. Nikaweka picha, na chini yake namba yetu ya simu, tukaubeba ukurasa kwenye disketi hadi cyber. Mama akawapa anwani watu wa kanisani, nao wakawasomea ndugu zao kwa simu, Bujumbura, Kigoma, popote watu wetu walipokimbilia.

Miaka minne tulipanda kila Jumapili kuuangalia kwenye kompyuta ya tonton. Mama aliifuta skrini kwa pindo la kitenge, akasema, "Jambo, mama," kisha akampasha bibi habari za baridi na za shule yangu. Nilizipenda Jumapili zile kuliko sikukuu yoyote. Lakini simu haikulia.

Kisha mwalimu wa kompyuta akauliza darasani nani amewahi kutengeneza tovuti. Nikanyoosha mkono kwa maringo, naye akaufungua ukurasa wetu mbele ya wote. Herufi zangu za bluu zilikuwepo. Chini yake palikuwa na mraba mtupu, na alama ndogo nyekundu pembeni.

Mwalimu alinieleza kwa upole. Ukurasa haukubeba picha, ulikumbuka tu mahali ilipowekwa, na mahali penyewe ni ndani ya kompyuta ya tonton. Sisi tulimwona bibi kwa sababu tulimtazama kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kwingine kote duniani hakuwa na jina wala sura.

Wiki ile ile nilichukua picha kwa tonton kwenye disketi, mwalimu akanisaidia kuiweka inavyopaswa. Mama sikumwambia. Baada ya miezi miwili simu ikalia, nikapokea mimi. Alikuwa mwanamke wa Bujumbura.

"Nilifunguaka ile page, miaka mbili sasa," alisema. "Niliona carré tupu, nikafunga. Sasa ndiyo nimemuona. Tuliishi naye parcelle moja, kiwanja moja. Alikufa mwaka jana, mutoto. Kila mugeni alikuwa anamuuliza habari yenu."

Nikampa mama simu. Mwanamke yule akamweleza kifo, habari za mraba hakuzirudia. Mama akaketi sakafuni. Akasema, "Alors, Mungu alichelewa." Tangu siku hiyo hakukanyaga tena misa.

Tonton alihamia Evere, na kompyuta yake sijui ilitupwa wapi. Zile ngazi sasa zinanukia sabuni. Mama tulimzika mwaka huu, na nilipoifungua fremu nikakuta nyuma ya picha jina la bibi, kwa mwandiko wa baba. Nililisoma kwa sauti, peke yangu jikoni.

Mama alimnunia Mungu hadi anakufa. Nami nilikula naye meza moja miaka yote hiyo, nikimwacha Mungu abebe kosa langu.